Zambezi: mutoto wa mugodi anajifunza kuongoza boti mu maji makali

Siku ya posho moja asubui, mama mumoja aliingia ku biro ya sendika yetu. Tunamujua. Bwana yake tulimuzika miaka saba iliyopita: udongo wa shimo la ba krezeri ulimufunika pamoja na wenzake wawili. Tulimupa kiti, alikataa kukaa. Alisema amesimama:

— Baba delege, mutoto yangu wa kwanza iko ku Livingstone, ku Zambia. Nilikuwa nafikiri anafanya kazi ku otele. Sasa amenitumia sauti mu telefone, anasema anajifunza kazi ya kushusha batu mu muto na boti ya mpira, kule chini ya maji ya Victoria. Baba yake, udongo ilimukula. Ye naye, maji njo itamukula? Mumuambie arudie ku nyumba.

Hatukuwa na jibu. Hakuna hata mumoja wetu aliyejua kazi hiyo. Lakini kisha wiki mbili tulikuwa na mukutano na wenzetu wa migodi ya Copperbelt, kule Kitwe. Tulimuambia: Mama, tukimaliza mukutano tutashuka mpaka Livingstone, tutaona na macho yetu, tutakuletea habari ya kweli.

Habari yenyewe ndiyo hii. Tunaiandika mu gazeti juu mama huyu hayuko peke yake. Vijana mingi wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kipushi na wa Lubumbashi wanavuka Kasumbalesa kutafuta maisha, na wazazi wanabaki bila kujua ni kazi gani.

Muto jirani yetu

Watu wa Katanga tunafikiri Zambezi ni muto wa mbali. Hapana. Unazaliwa upande wa Mwinilunga, karibu kabisa na mupaka wetu. Kwenye uwanda huo huo wa juu, mito inagawanyika: mingine inakwenda kuingia mu Lualaba na kupanda kaskazini, mingine inaingia mu Zambezi na kushuka kusini, halafu mashariki mpaka bahari.

Ku Livingstone, Zambezi ni mupana sana, karibu metre 1,700. Hapo hapo unaanguka mu ufa wa jiwe, metre 108 kwenda chini. Watu wa pale wanapaita Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma. Kisha kuanguka, maji yote yale yanalazimishwa kupita mu njia nyembamba kati ya kuta mbili za jiwe jeusi. Sisi watu wa migodi tulilitambua jiwe hilo: ni bazalti, jiwe lililotoka mu moto wa chini ya dunia. Lina nyufa, na maji yamekula nyufa hizo miaka na miaka, ndiyo maana korongo linakwenda kona-kona kama galeri iliyochimbwa bila plani.

Mu korongo hilo maji hayatulie. Yanapiga mawe, yanajikunja, yanapanda, yanashuka. Pahali pa maji makali namna hiyo wanapaita rapidi. Kutoka chini ya maporomoko mpaka pahali pa kutokea, rapidi zimepewa namba, 1 mpaka 25. Ku dunia nzima rapidi zinapimwa kwa daraja sita. Ya kwanza ni maji ya kuchezea. Ya tano ni ya watu wenye mazoezi na kiongozi mwenye kujua. Ya sita haipeleke mugeni aliyelipa. Ku Zambezi, rapidi za daraja la ine na la tano ni mingi. Boti za mpira zilianza kushuka pale mwaka 1981, na tangu hapo kazi hiyo inalisha jamaa mingi upande wa Zambia na upande wa Zimbabwe.

Boti yenyewe ni mpira munene uliojazwa hewa. Wageni sita, saba ao munane wanakaa ku pembeni, kila mutu na kafi yake. Nyuma anakaa gidi. Wageni wanatia nguvu, gidi anatia akili.

Alianza na kubeba

Tulimukuta kijana wetu ku kamba ya kuanikia magile, anayaosha. Alituamkia vizuri, kama vile baba yake alimufundisha. Tulimuambia nani ametutuma. Alicheka, kisha akanyamaza.

— Ba papa, mama anaogopa. Nami naogopa. Ule mutu haogope, hapa banamufukuza.

Alitueleza namna aliingia. Hakuanza na kafi. Alianza kama mubebaji. Boti zikimaliza safari, ziko chini ya korongo, na ukuta wa kupanda unapita metre 100. Zinatolewa hewa, zinakunjwa, wanaume wanaziweka ku bega na kupanda nazo njia ya mawe, jua likiwaka. Magidi wazaliwa wa pale mingi wamepita mu njia hiyo ya bega. Alibeba musimu mumoja muzima. Huku anabeba, alikuwa anaangalia maji. Siku moja gidi mukubwa alimuuliza: unajua kuogelea? Akajibu ndiyo. Akamuambia: utaona kama unajua.

Kwanza unaangushwa

Somo la kwanza ni kuanguka. Mwanafunzi anavaa gile na kaske, anatupwa mu rapidi ndogo, anashuka bila boti. Tena, na tena. Anajifunza kulala mugongo, miguu mbele, vidole vya miguu juu ya maji, ili akigonga jiwe aligonge na miguu, asiligonge na kichwa. Anakatazwa kusimama hata kama anaona chini ni karibu: muguu ukinaswa kati ya mawe mawili, maji yanamusukuma kifudifudi na hakuna nguvu ya mutu inayoweza kumuinua. Anajifunza kuvuta pumuzi pahali wimbi linashuka, na kufunga kinywa pahali linapanda.

Kisha somo la kusoma maji. Hapa tulisikiliza sana, juu lilifanana na somo la wazee wetu mu shimo. Muchimbaji muzuri anasoma ukuta: ufa mupya, vumbi linalodondoka bila kuguswa, sauti ya ubao unaolia. Gidi naye anasoma vile. Maji laini yaliyochora ulimi, ncha yake ikielekea chini ya muto, ni mulango wa kupita. Ncha ikielekea juu, kuna jiwe limejificha. Nyuma ya jiwe kubwa kuna maji yanayorudi kinyume, yametulia kidogo: hapo ndipo pa kupumuzikia na kungojea wenzako. Na pahali maji yanaanguka juu ya jiwe na kujikunja yenyewe, wanapaita shimo. Shimo la maji linaweza kushika mutu, likimuzungusha bila kumuachilia.

— Neno ni moja, kijana alituambia. Shimo ya baba na shimo ya hapa. Lakini hapa, mbele ya kuingia, banakuonyesha kwanza gisi ya kutoka.

Somo la tatu ni kugeuza boti. Boti ikipinduka, gidi anapanda ku tumbo lake, anatoa kamba anayoibeba kiunoni, anaifunga ku pembeni, anajiangusha nyuma na uzito wake wote mpaka boti irudie kukaa. Halafu anavuta watu ndani, akiwashika ku mabega ya gile, asiwashike ku mikono. Kijana alifanya hivyo mpaka ngozi ya vidole ikatoka.

Somo la ine ni kuokoa. Kuna mufuko mudogo wenye kamba inayoelea. Unaita mutu kwanza, akuangalie, ndipo unatupa. Kamba haifungwe ku mukono wako, maji yasije yakakubeba pamoja naye. Na kuna mupango ambao hauruhusiwe kubadilishwa: kwanza saidia na sauti, ikishindikana, na kafi, ikishindikana, na kamba, ikishindikana, na boti. Kuruka mwenyewe ndani ya maji ni mwisho wa yote. Tulifikiria wenzetu wangapi tumezika juu waliruka mu shimo lenye hewa mbaya kumutafuta ndugu. Roho ya kusaidia walikuwa nayo. Mupango huo hakuna aliyewafundisha.

Halafu kuna masomo ya kufunga damu, kupuliza mutu hewa, kubeba aliyevunjika. Kuna kujua Kiingereza, juu wageni wanatoka kila pahali na amri inapaswa isikike mara moja: mbele, nyuma, simama, chini. Kijana wetu alifika na Kifaransa cha shule. Kibemba kilimusaidia na wenzake, Kiingereza alijifunza mu kazi. Na kuna kitabu. Kila safari anayoshuka, kwanza na boti bila mugeni, kisha nyuma ya gidi mukubwa, inaandikwa mu kitabu na kutiwa sahihi. Shirikisho la dunia la mchezo huo, IRF, linapima magidi kwa namna hiyo: safari zilizoandikwa, cheti cha kusaidia mugonjwa ambacho hakijapita muda, na mutihani mbele ya mupimaji ndani ya maji yenyewe. Cheti kinasema daraja gani la maji unaruhusiwa, na hakikuruhusu kuvuka hapo.

Neno la gidi

Kesho yake wawili wetu tulishuka mu boti. Mwenzetu wa tatu, mwenye goti bovu la galeri, alibaki juu.

Mbele ya kuingia, gidi aliongea muda murefu. Alikaza gile ya kila mutu na mikono yake, kamba kwa kamba. Mugeni mumoja alinuka pombe. Gidi alimuambia: wewe leo haushuke. Yule alikasirika, alisema amekwisha kulipa. Gidi hakubishana. Alirudilia neno lile lile, na mugeni alibaki ku ukingo. Hakuna shefu aliyepiga telefone kusema mupitishe.

Ku rapidi ya 9 tulitoka wote mu boti, tukatembea ku mawe. Jina walilolipa wazungu ni Commercial Suicide, ni kusema kujiua kwa ajili ya biashara. Wageni wanazunguka na miguu. Hakuna anayemuita gidi muoga.

Mbele kidogo, boti yetu ilipinduka. Tunaandika bila haya: tulikunywa Zambezi. Giza, kelele, maji mu pua, kisha mwangaza. Kijana mwenye kayaki alikuwa amefika tayari, alitupa kichwa cha mutumbwi wake tukishike. Gidi alikuwa juu ya tumbo la boti. Mbele ya kuigeuza, mbele ya kuuliza neno lolote, alinyosha kidole na kuhesabu vichwa. Moja, mbili, tatu, mpaka munane. Alihesabu tena. Ndipo aligeuza boti.

Hapo tulinyamaza sisi wawili, na haikuwa juu ya maji tuliyokunywa. Siku ile bwana wa mama yule alikufa, tulikwenda kusaidia kuchimba. Hakuna aliyejua ni watu wangapi walikuwa ndani. Mumoja alisema watatu, mwingine alisema wane. Tuliwatoa watatu siku ya kwanza. Tukachimba siku nyingine mbili, ukuta ukitishia kutuangukia sisi wenyewe, tukimutafuta wa ine. Huyo wa ine hakuingia siku ile. Alikuwa ku muji mwingine, kwa ndugu yake.

Mwalimu anawaambia juu ya Inga

Mangaribi, kijana alituambia mwalimu wao anawapa kila mara mufano mumoja, na mufano huo unatoka kwetu. Mwaka 1985 Mufaransa mumoja wa televisheni, Philippe de Dieuleveult, alikuwa anashuka muto Kongo na boti za mpira. Mwezi wa munane, upande wa Inga, yeye na wenzake sita walipotea. Walikuwa wanaume wenye nguvu na uzoefu. Mwaka 2011 watu wa kayaki wane, Steve Fisher na wenzake, walipita maji ya Inga wakiwa hai. Mbele ya kuingia waliyatazama maji kutoka juu, na elikopta.

Mwalimu anawaambia: muto haujue jina lako wala picha yako mu televisheni. Unaangalia kwanza, ndipo unaingia. Na ukiangalia na ukaona hapana, ni hapana.

Sisi kwetu, mufanyakazi mupya anapewa kaske, anatia sahihi ku karatasi asubui, na mangaribi iko chini. Akisema ukuta huu unaniogopesha, anaambiwa kuna wengine kumi ku mulango wanaotaka nafasi yako. Lakini haki hiyo imeandikwa. Mapatano 176 ya Shirika la Kazi la Dunia (OIT), ya mwaka 1995, juu ya usalama mu migodi, inasema mufanyakazi ana haki ya kutoka pahali anapoona, kwa sababu ya kweli, kuna hatari kubwa kwa usalama ao afya yake. Neno la gidi liko mu karatasi pia. Linakosa mutu wa kulisema na mutu wa kuliheshimu.

Si asali tupu

Tusimudanganye mama wala mutu mwingine. Kazi hiyo ina uchungu wake.

Ni kazi ya musimu. Maji yanashuka karibu mwezi wa munane, na mpaka mwisho wa mwaka wageni ni mingi. Yakipanda sana, upande wa mwezi wa ine na wa tano, kazi inasimama, na tumbo halisimame. Magidi tulioongea nao wanalipwa kwa safari: usiposhuka, haulipwe. Bega na mugongo vinachoka mapema. Mukongomani anahitaji ruhusa ya kazi ya Zambia. Asipokuwa nayo, hana mahali pa kulalamika akiumizwa.

Na kuna barage. Zambia na Zimbabwe wana mupango wa kujenga barage kubwa mu korongo la Batoka, ya megawati 2,400. Ikijengwa, maji yatapanda mu korongo na kufunika sehemu kubwa ya rapidi. Magidi wa Uganda wamekwisha kuona hayo ku Nile, karibu na Jinja. Barage ya Bujagali, megawati 250, ilizinduliwa mwaka 2012 na kuzamisha rapidi zao. Walihamia chini zaidi. Mwaka 2019 ikaja ya Isimba, megawati 183, wakapoteza zingine.

Hapa tuko mu shida sisi wenyewe. Migodi yetu inalilia umeme kila siku. Umeme ukikatika, wenzetu wanarudishwa nyumbani bila mushahara. Hatuwezi kusema barage ni mubaya. Tunasema hivi: wale ambao kazi yao itazama waitwe ku meza mbele ya maji kupanda, walipwe, wafundishwe kazi nyingine. Ndilo neno tunalosema kila mara mugodi unapofungwa.

Kwa hiyo mutoto wako akikuambia anataka kazi ya namna hiyo, usianze na kumukataza. Muulize: Gile na kaske ni za nani, na nani anazikagua? Nani anakufundisha, na safari zako zinaandikwa wapi? Ukivunjika, nani analipa daktari? Ruhusa ya kazi iko? Gidi mukubwa akisema hapana, bosi anamusikiliza? Asipojua kujibu, hapo ndipo umuambie arudie.

Tulichomuambia mama

Tuliporudi tulikwenda kwake, hatukungojea aje ku biro. Tulimuambia yote, na barage, na wiki za bila kazi. Alisikiliza, mikono ku magoti. Mwishoni aliuliza neno moja tu:

— Kule, boti ikipinduka, banahesabu batu?

— Ndiyo, mama. Banahesabu mbele ya kufanya kitu kingine. Banahesabu mara mbili.

Alikaa kimya. Kisha akasema:

— Basi amalize masomo. Lakini siku ya kushuka, anitumie sauti mangaribi. Kila siku ya kushuka.

Mutihani wake ni musimu huu, maji yakishuka.

Sisi nasi tumeleta somo letu. Ku mukutano ujao tutaweka ombi moja mbele ya mengine yote: ku kila shimo, la kampuni ao la koperative, kuwe kitabu ku mulango, na mutu mumoja mwenye jina, anayeandika nani ameingia na nani ametoka. Haiombe mashini, haiombe mulioni. Inaomba kalamu. Wenzetu, na ninyi ba mama munaowangojea, kesho asubui muulize ku kazi: leo, nani anatuhesabu?